Uraia, Safari na Kuuguza Wazazi

Uraia wa tajnisi, yaani ule anaoupata mgeni kwa kuomba na kula kiapo, husimama katika sheria ya Marekani juu ya hesabu ya siku, na hesabu hiyo huwaelemea hasa wale ambao wazazi wao wamebaki Tanga, Mombasa au Bukavu, kwa kuwa miaka ambayo mwombaji hutakiwa kutulia ugenini ndiyo hiyo hiyo ambayo mama huanza kuugua na baba huanza kuulizia ni lini mtoto atarudi.

Mkaazi wa kudumu, ambaye ni mgeni aliyepewa kadi iliyozoeleka kwa jina la grinikadi, kwa kawaida huomba uraia baada ya miaka 5, au 3 ikiwa anaishi na mwenzi wa ndoa aliye raia. Ndani ya miaka hiyo 5 ni lazima awe amekuwapo nchini, yeye mwenyewe kwa mwili wake, jumla ya miezi isiyopungua 30, na zaidi ya hapo makazi yake yasiwe yamekatika. Neno kukatika lina maana mahususi: safari moja iliyozidi miezi 6 humfanya afisa achukulie kwamba mwombaji amehama, naye hulazimika kuthibitisha kwa hati za kazi, kodi na nyumba kwamba hakuhama, ilhali safari ya mwaka mmoja au zaidi hukata makazi moja kwa moja na kumrudisha karibu na mwanzo wa kungoja. Wapo wanaojiona salama kwa kuwa wamechukua kibali cha kurejea, ambacho huweza kudumu hadi miaka 2. Kibali hicho huilinda kadi, lakini hakiilindi hesabu ya uraia, na anayechanganya mambo hayo mawili hupoteza miaka.

Kwa hiyo msiba wenyewe si kikwazo. Mtu anaweza kwenda kuzika, akakaa hadi arobaini, kisomo cha siku ya 40, akamaliza na mazungumzo ya mirathi, na bado akarudi bila makazi yake kukatika. Kinachoshindikana ni kuuguza. Mzee aliyepooza hauguzwi kwa likizo ya wiki 3, na mtoto anayekaa naye mwaka mzima, akimgeuza kitandani na kumlisha kwa kijiko, huilipia kazi hiyo kwa miaka yake ya kungoja. Sheria hiyo hiyo huwaruhusu baadhi ya watumishi wa serikali ya Marekani, wa kampuni za Marekani na wahudumu wa dini kuomba makazi yao yahifadhiwe wakiwa kazini ng'ambo; anayeuguza mzazi hakuwekewa nafasi kama hiyo. Huo ni upungufu wa sheria, wala haupimi mapenzi ya mwombaji kwa nchi anayotaka kuwa raia wake.

Baada ya fomu kuwasilishwa safari haikatazwi, lakini sharti la makazi huendelea mpaka siku ya kiapo, na wito wa alama za vidole au wa usaili ukifika wakati mwombaji yuko kijijini, naye asiombe tarehe nyingine, ombi linaweza kufungwa. Siku ya kiapo kadi hurudishwa, na raia mpya hubaki na cheti, ambacho hakitoshi kusafiria hadi apate pasipoti. Kwa Mtanzania mtu mzima siku hiyo ina uzito mwingine: sheria ya uraia ya mwaka 1995 humwondolea uraia wake anapopata kwa hiari ule wa nchi nyingine, tofauti na Mkenya wa kuzaliwa, ambaye Katiba ya mwaka 2010 humwachia wake, hivyo anayetoka Dallas kwenda kumzika mamaye Tanga huingia katika nchi aliyozaliwa kwa pasipoti ya kigeni.

Ndugu walioko nyumbani, kabla ya kumhesabu aliyekosa maziko kuwa amesahau kwao, na wamuulize kwanza kiapo chake ni lini.