SHIMO TULIMOCHIMBWA

Masomo: Isaya 51:1-2, Nehemia 7:5-65, Matayo 1:1-17



Sisi tunaoishi Misisi hatuhitaji mtu wa kutueleza shimo ni nini. Tunalala na kuamka karibu na mashimo. Mama zetu wanatwanga mawe toka asubuhi mpaka jua kuzama, wakitafuta chembe ndogo ya dhahabu. Basi Isaya anasema nasi kwa lugha ya kwetu. Aliwaambia watu wenye kumtafuta Bwana waugeukie mwamba ambao walikatwa kwake, na shimo ambalo walichimbwa ndani yake. Na hakuwaacha wajiulize ni mwamba gani. Aliwatajia majina: Abrahamu baba yao, na Sara aliyewazaa.

Mchimbaji mwenye akili hashuki chini kabla ya kujua kamba yake imefungwa wapi juu. Sisi je, tunajua kamba yetu imefungwa wapi?

1. SABABU YA NENO HILI

Wapendwa, katika teritwari yetu ya Fizi vita vimekata kamba nyingi. Mwaka 1964 na 1965, wakati wa Mulele, watu waliacha vijiji wakaingia porini. Mwaka 1996 vita vilirudi, na maelfu wakavuka ziwa Tanganyika kwenda Kigoma. Huko kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo huo. Wengine toka kambini wakapelekwa Marekani na nchi zingine za mbali. Wazee walikufa njiani, vitabu vya ubatizo vikaungua pamoja na nyumba za ibada. Watoto wakazaliwa ugenini, wakajifunza kuhesabu namba ya hema kabla ya kujua jina la babu.

Matunda yake tunayaona. Kijana na binti wanapendana hapa kwenye machimbo, wanataka kuoana, mahari imeanza kusemwa. Kisha mama mkubwa mmoja anafika toka Lulimba, anauliza majina mawili matatu, na kumbe hao ni watoto wa ukoo mmoja. Nani wa kulaumiwa? Hakuna aliyewafundisha. Mtu mwingine anakufa, tunakaa kwenye matanga siku tatu, hatujui tupeleke habari kwa nani. Mwingine anaitwa mbele ya wakubwa wa kambi, anaulizwa majina ya ndugu za baba yake, anashindwa, na jamaa yake wanahesabiwa kama watu wasiomhusu. Hayo si mambo madogo.

2. NEHEMIA ALITAFUTA KITABU

Nehemia alipomaliza kujenga ukuta wa Yerusalemu aliona mji ni mpana na watu ni wachache. Hapo Mungu akamtia moyoni neno la kuwakusanya watu na kuwahesabu kwa koo zao. Angalieni vizuri: wazo hili lilitoka kwa Mungu. Na katika kutafuta, Nehemia akapata kitabu cha wale waliotangulia kupanda toka uhamishoni, yaani waanzilishi, waliofungua njia. Majina yao yalikuwa yameandikwa, ukoo kwa ukoo, mji kwa mji.

Lakini somo lina jambo lingine ambalo wengi wanalipita haraka. Kulikuwa na watu 642 ambao hawakuweza kuonyesha nyumba ya baba zao. Karatasi hawakuwa nayo. Je, walifukuzwa? Hapana. Majina ya koo zao yameandikwa katika kitabu kile kile pamoja na wengine, nao walipanda pamoja na taifa. Waliozuiliwa ni wale waliodai ukuhani bila ushuhuda, na hata hao waliambiwa wangoje. Basi wewe uliyepoteza yote vitani, uliyeokotwa njiani ukalelewa na watu wengine, usilie kana kwamba huna mahali. Kitabu cha Mungu kina ukurasa wako.

3. WALIOTANGULIA KATIKA IMANI

Sisi wa Kanisa hili tuna waanzilishi wetu, na njia yao ilikuwa ya machozi. Tarehe 6 Aprili 1921, Baba Simon Kimbangu alianza kazi ya kuponya na kuhubiri huko Nkamba, Kongo ya Chini. Kazi ya hadharani haikumaliza miezi sita. Mwezi wa Septemba alishikwa, na tarehe 3 Oktoba 1921 askari wakamhukumu kifo. Mfalme Albert wa Ubelgiji akabadilisha hukumu ile kuwa kifungo cha maisha. Akapelekwa Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, akafia gerezani tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka thelathini. Mama Mwilu Marie alibaki na watoto watatu, Kisolokele, Dialungana na Diangienda, akalilinda kundi kwa siri.

Na wafuasi? Serikali ya Wabelgiji iliwang'oa katika vijiji vyao, ikawatawanya katika nchi yote: Oshwe, Ekafera, Lowa kando ya mto Lualaba, na mahali pengi pengine. Kanisa letu linahesabu jamaa 37.000 waliohamishwa namna hiyo. Baba alitengwa na shamba lake, watoto wakazaliwa katika nchi ambayo lugha yake wazazi hawakuijua. Mtawala alifikiri anazima moto. Kumbe alikuwa anachukua makaa na kuyatupa katika kila nyumba. Injili ilifika mahali ambapo hakuna mhubiri aliyetumwa, ikibebwa na wafungwa. Tarehe 24 Desemba 1959 serikali ile ile ikalitambua Kanisa. Na tangu mwaka 2023 tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko katika Kongo yote.

Basi tunauliza: katika parokia zetu, nani anajua majina ya hao waliohamishwa? Tunajua jina la Nabii. Lakini mzee aliyeleta wimbo wa kwanza katika kijiji chako, mama aliyeficha watu wa sala katika nyumba yake usiku, jina lake liko wapi? Wakubwa wa wakati ule waliandika majina ya hao kama wakosaji, na faili zao nyingi zinakaa Brussels mpaka leo. Ni haya kwetu kama adui ameyaandika majina ya baba zetu, na sisi watoto hatukuandika.

4. WALIOTANGULIA KATIKA DAMU

Wazee wa Kibembe, wanapoketi lubunga kuzunguka moto, wanasimulia kwamba baba zao walitoka upande wa Urega, wakapita msitu wa Itombwe, wakashuka kuelekea ziwa. Na wakiendelea kusimulia watakuambia kwamba hawakuikuta nchi tupu. Waliwakuta Wambote, watu wa porini, wenye kujua kila njia ya nyama. Wabuyu nao wana safari yao, Wazoba wa ziwani wana yao, na wengine wote wanayo. Ukimsikiliza kila mzee mpaka mwisho, atafika mahali anaposema: wazee wetu walitoka kule.

Kisha kuna habari ambayo nyumba nyingi zinaificha. Karne moja na nusu iliyopita, ziwa letu lilikuwa njia ya watumwa. Watu walinunuliwa upande wetu, wakavushwa Ujiji, wakatembezwa kwa mguu mpaka pwani. Mapadri Weupe walipofungua misheni yao Kibanga mwaka 1883, kwenye ghuba ya Burton, waliwakomboa watoto watumwa na kuwalea. Wengine walikombolewa au kuchukuliwa na koo za hapa, wakakua, wakaolewa, wakazaa. Kwa hiyo iko jamaa ambayo bibi yao wa zamani alinunuliwa, na mpaka leo likitokea shauri la urithi kuna mtu atanong'ona: ninyi si wa kweli.

Wapendwa, tusikilize Matayo anafanya nini na habari kama hizo.

5. MATAYO HAKUFICHA

Matayo anahesabu vizazi kumi na vinne, mara tatu, toka Abrahamu mpaka Kristo. Angeweza kuandika wanaume wenye heshima peke yao. Lakini amemweka Tamari, ambaye habari yake ni ya aibu. Amemweka Rahabu wa Yeriko, ambaye kazi yake tunaijua. Amemweka Ruthu, mwanamke wa Moabu, mgeni aliyekuja na njaa akaokota masuke katika shamba la watu. Amemtaja mke wa Uria, ili dhambi ya Daudi isisahauliwe. Katika damu ya Mwokozi mna mgeni, mna maskini, mna aliyedharauliwa. Na Matayo hakuona haya kuandika.

Basi mwenye kutafuta mababu atafute kweli yote. Babu alikuwa na wake wanne? Andika. Bibi alinunuliwa? Andika jina lake kwa heshima, maana yeye ndiye aliyekuzaa. Nasaba iliyosafishwa kwa uongo haina faida mbele za Mungu.

6. ONYO MBILI

La kwanza. Hatuwatafuti mababu ili tuwaabudu. Toka siku za kwanza Nkamba, Nabii aliwaamuru watu watupe sanamu na dawa za uchawi. Tunawakumbuka wazee, tunamshukuru Mungu kwa ajili yao, lakini maombi yetu tunayaleta kwa Baba katika jina la Yesu.

La pili, na hili tulisikie sana sisi wa Misisi. Iko hatari ya kutafuta majina ya wazee kwa kusudi la kusema: kilima hiki ni chetu peke yetu, shimo hili ni letu, ninyi mmekuja juzi kwa ajili ya dhahabu, rudini. Hapa wamo watu wa Baraka, wa Uvira, wa Bukavu, wa Kalemie, wa Kasongo. Mtume Paulo alimwonya Timoteo na Tito juu ya nasaba zinazozaa mabishano. Na Yohana Mbatizaji aliwaambia waliojisifu kwa Abrahamu kwamba Mungu anaweza kumwinulia Abrahamu watoto katika mawe. Mawe, ndugu zangu! Sisi tunayapasua kila siku. Tukiyaona tukumbuke neno hilo.

Mtu anayechimba habari za wazee wake mpaka chini kabisa, atakuta kwamba na wao walipokelewa na mtu. Sisi wa Fizi tulipokelewa Kigoma. Na mwaka 2015, Warundi walipokimbia, kambi ya Lusenda ilifunguliwa hapa Fizi, na aliyekuwa mkimbizi jana akawa mwenyeji. Kama nasaba yako inakufanya umchukie jirani, ujue hukuchimba mpaka mwisho. Umesimama katikati ya shimo.

7. NAMNA YA KUFANYA KAZI HII

Tunaomba kila nyumba ya parokia ifanye hivi:

Kwanza, anza na walio hai. Mzee haandikwi siku ya matanga. Chukua kaye na biki, nenda leo kwa mama mkubwa, kwa shangazi, kwa mjomba. Aliye na simu arekodi sauti yake.

Pili, andika majina yote ya mtu. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo, na yalirudi mwaka 1990 tu. Kwa hiyo yule aliyebatizwa Petro anaonekana katika karatasi zingine kwa jina la babu yake peke yake. Usifikiri ni watu wawili. Andika jina la kuzaliwa, la ubatizo, na lile la utani ambalo kijiji kilimwita.

Tatu, mzee asiyejua mwaka muulize tukio. Alizaliwa kabla ya uhuru wa 1960 au baada? Wakati wa Mulele alikuwa anabebwa mgongoni, au alikuwa anakimbia kwa miguu yake?

Nne, usiisahau nyumba ya mama. Isaya hakutaja Abrahamu peke yake, alimtaja na Sara. Andika bibi alitoka ukoo gani, kijiji gani, na nani alipokea mahari yake.

Tano, uliza na habari za imani: nani alisali kwanza katika jamaa, alibatizwa wapi, nani alimfundisha, aliteswa namna gani.

Sita, andika mara mbili. Kaye moja ikae nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki, ya pili ipelekwe kwa ndugu aliye mbali. Ikiungua moja, ya pili itasema.

Wapendwa, dhahabu ya Misisi itakwisha siku moja, na wachimbaji watahama kama kawaida yao. Watoto wetu watakwenda wapi, Mungu anajua. Tusiwaache waende bila jina. Na tusiwape jina ambalo limekuwa panga la kumkata mwingine.

Tuombe. Ee Mungu wa Abrahamu na wa Sara, uliyewahesabu hata wale 642 wasio na karatasi, utupe moyo wa Nehemia wa kutafuta, na kweli ya Matayo ya kuandika. Uwakumbuke waliokufa uhamishoni bila kaburi tunalolijua. Uwaunganishe waliotengwa na vita, wa kambini na wa ng'ambo. Utufundishe kumpokea mgeni, sababu baba zetu walipokelewa. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Shemasi wa parokia, Misisi