Antivirusi Izimwe Kidogo

Mama wa kisa hiki ni wa kubuni, usihangaike kumtafuta Mtaa wa Aggrey, Dar es Salaam. Mbinu zilizomfilisi ndizo za kweli.

Aliuza mapazia kwa jumla, mzigo akiagiza Guangzhou. Laptopu yake ya mtumba ilikuwa na Windows isiyolipiwa, na kila ikiwashwa ilimdai leseni. Akaipeleka kwa fundi barazani. Fundi akachomeka flashi yenye KMSPico, programu ya kukwepa leseni, na papo hapo kompyuta ikatoa onyo jekundu.

"Mama, hii antivirusi tuizime kidogo, inasumbua."

"Zima tu, mwanangu. Nina kontena njiani."

Hapo ndipo alipoibiwa, ingawa hela yenyewe ilitoka miezi kadhaa baadaye. Fundi hakuwa mwizi. Alipakua kitu mtandaoni kama wanavyopakua wenzake. Mwaka 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza nakala za KMSPico zilizobeba CryptBot, kirusi cha kuiba nywila. Nakala za namna hiyo huweza pia kubeba trojani za mlango wa nyuma, zinazompa mtu wa mbali uwezo wa kuiendesha kompyuta yako. Wala si vitu vya gharama: trojani ya NanoCore iliuzwa kwa dola 25 hivi, na mtengenezaji wake, Mmarekani Taylor Huddleston, alihukumiwa kifungo cha miezi 33 mwaka 2018.

Leseni ilikubali. Mama akalipa, akashukuru.

Kirusi kilichokuwa ndani ya nakala ile kilijinakili ndani ya AppData, folda ambayo Windows huificha. Kikajiita svchost.exe, jina la programu halali, ila ile halali hukaa System32. Kikajiandikisha ili kiwake kila kompyuta inapowaka, kisha kikaiagiza antivirusi isiikague folda hiyo. Ndiyo maana ilipowashwa tena ilitoa alama ya kijani. Ukuta wa moto nao haukusaidia: uliwazuia wanaobisha hodi kutoka nje, lakini kirusi hiki kilitoka ndani kama mtu wa nyumbani anayekwenda dukani. Wengi wetu bado tunadhani kompyuta yenye virusi lazima iwe nzito. Anayekuibia kimya kimya hutaka ifanye kazi vizuri kuliko unavyotaka wewe.

Mwizi aliyekuwa upande wa pili alisoma barua pepe za mama bila haraka. Alijua malipo ya awali yalikuwa asilimia 30, na kwamba salio lingelipwa kabla ya mzigo kupakiwa. Salio lilipokaribia, ikaja barua kutoka anwani iliyotofautiana na ya muuzaji kwa herufi moja: akaunti yetu iko kwenye ukaguzi, tafadhali lipa kwenye hii. Namba ya ankara ilikuwa sahihi, bei sahihi, hata pole ya mtoto aliyekuwa mgonjwa ilikuwemo. Akalipa.

Siku ya nne muuzaji wa kweli akauliza hela iko wapi. Mama akakimbilia Kituo cha Polisi Msimbazi, akapewa RB, namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 inaadhibu kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini, lakini hela ilikwishahamishwa. Angeipigia benki yake siku ile ile aliyolipa, huenda ingewahi kuzuiwa. Na angempigia muuzaji kwa namba aliyokuwa nayo siku zote, asingelipa kabisa.

Fundi mwingine alifuta diski nzima, akaweka Windows iliyopakuliwa kwa Microsoft wenyewe. Nywila zote akazibadilisha kwa simu, kompyuta ile haikuguswa kwa kazi hiyo. Kisha akafungua mipangilio ya barua pepe, mahali ambapo mafundi wengi hawafiki, akakuta agizo asilolijua mama: nakala ya kila barua inayotaja malipo itumwe kwa anwani ngeni. Agizo hilo lilikaa kwenye seva ya barua pepe. Lingeendelea kufanya kazi hata kama mama angenunua laptopu mpya.