Kusoma Damu ya Mtoto Mgonjwa

Mtoto mchanga hana kauli. Akishikwa na maradhi hulia, na akizidiwa hunyamaza. Hawezi kumwambia daktari ni wapi panapomuuma wala ni lini maumivu yalipoanza. Kwa hiyo utabibu wa watoto umekuwa siku zote kazi ya kukisia kwa uangalifu: hutolewa dawa hii, na isipofaa ikatolewa ile. Kwa maradhi mengi njia hiyo yatosha. Walakini yako maelfu ya maradhi yatokanayo na kasoro za urithi, kila moja ni adimu mno, hata daktari aweza kuitumikia kazi yake mpaka uzee asionane na mgonjwa wa pili wa ugonjwa ule ule. Mtoto wa namna hiyo alazwapo katika wodi ya mahututi, hapana muda wa kukisia.

Katika zama zetu imepatikana njia nyingine. Seli za mwili zina maandishi ya urithi yaitwayo jenomu, nayo yameandikwa kwa herufi nne tu za kikemia. Nakala moja ina herufi zipatazo bilioni 3, na kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Herufi moja ikikosewa, madhara yaweza kuwa makubwa: selimundu, ugonjwa unaojulikana sana mwambao na kandokando ya ziwa Viktoria, hutokana na herufi moja iliyobadilika katika jeni ya protini inayoipa damu wekundu wake. Kazi ya kuisoma jenomu ya mwanadamu kwa mara ya kwanza ilianza mwaka 1990 ikatangazwa kuwa imekwisha mwaka 2003, ingawa vipande vilivyosalia havikukamilishwa mpaka mwaka 2022. Sasa kazi hiyo hufanywa kwa saa. Mwaka 2018 Dakta Stephen Kingsmore na wenzake katika hospitali ya watoto ya Rady, mjini San Diego, Marekani, walivunja rekodi ya dunia kwa kulipata jina la ugonjwa kutoka katika damu kwa saa 19 na nusu.

Mwaka 2021 wataalamu hao walieleza habari za mtoto wa wiki tano aliyeletwa akilia kilio kisichobembelezeka, na picha zikaonyesha kwamba ubongo wake unaharibika. Ndugu yake aliyemtangulia alikuwa amekufa miaka 10 nyuma kwa dalili kama hizo, na sababu haikujulikana. Safari hii damu ilisomwa. Ilionekana kwamba mwili wake haukuweza kuipeleka vitamini iitwayo thiamini mahali inapotakiwa. Kabla ya siku mbili kutimia tangu alipolazwa alipewa thiamini na biotini, vitu visivyo vya fahari wala vya ghali, na baada ya saa chache akatulia akanyonya chupa. Mwenye moyo asomaye habari hizi hawezi kuipinga elimu hii.

Wala isidhaniwe kuwa kila mtoto hupata jibu. Katika jaribio lililofanywa katika hospitali tano za California kati ya 2018 na 2020, watoto wachanga 178 walisomwa jenomu. 76 walipatiwa jina la ugonjwa wao, na 55 matibabu yao yakabadilishwa. Wengine wazazi wao walirudi na swali walilokuja nalo.

Basi ubaya u wapi? Mtu akitumwa kwenye sanduku la jirani kutafuta dawa, huenda akaziona humo barua ambazo hakutumwa kuzisoma. Ndivyo ilivyo hapa. Daktari anayetafuta sababu ya degedege leo aweza kukutana na habari za mwaka wa 50 wa mtoto yule. Aweza kuiona kasoro iletayo ugonjwa wa Huntington, ambao kwa kawaida hujitokeza ukubwani, huharibu akili na viungo, wala hauna dawa ya kuuponya. Je, amwambie mama?

Wako wasemao kwamba mzazi ana haki ya kujua kila lililomo mwilini mwa mwanawe. Mimi sikubali. Mzazi hukabidhiwa mtoto amlinde mpaka aweze kujiamulia mwenyewe. Hakukabidhiwa maisha yake yote. Watu wazima wengi waliozaliwa katika jamaa zenye ugonjwa wa Huntington huchagua kutopimwa, na uchaguzi wao huheshimiwa. Mtoto akipimwa na habari zikasemwa, uchaguzi huo amenyang'anywa kabla hajajua kutamka jina lake. Atalelewa kwa macho ya huruma, na yumkini ada yake ya shule itapimwa kwa miaka anayodhaniwa kubakiwa nayo.

Lakini jambo lenyewe si jepesi hivyo. Iko jeni nyingine, BRCA1, ambayo kasoro zake huwaletea wengi wa wanawake walio nazo saratani ya matiti. Mtoto mchanga hatadhurika nayo utotoni. Hata hivyo, ikiwa ameirithi kwa mamaye, basi mama huyo aliyeketi kando ya kitanda yumo hatarini, na akionywa aweza kuokoka. Kwa sababu ya namna hii chama cha wataalamu wa urithi wa kitabibu cha Marekani kilitoa mwaka 2013 orodha ya jeni 56, kikashauri kwamba kila jenomu isomwapo, hata iwe ya mtoto, kasoro za jeni hizo zitajwe bila ya kuwauliza wenyewe. Yalizuka mabishano makali, na mwaka uliofuata chama kikakubali kwamba wahusika waweza kukataa. Naona kwamba hapa mama aambiwe kama akitaka, maana habari ile ni yake pia, na mtoto hapati faida yoyote katika siri itakayomfanya yatima. Kuhusu Huntington sioni faida kama hiyo.

Kibali nacho kina taabu yake. Wazazi huletewa karatasi wakati hawajalala kwa siku mbili, na mtoto yumo katika mashine. Wangetia sahihi chochote. Haki yataka waulizwe machache usiku ule, yale ya kumwokoa mtoto, na mengine yangoje.

Kwetu Afrika laongezeka neno jingine. Jenomu nyingi zilizokwisha kusomwa duniani ni za watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2020, jenomu za Waafrika 426 wa makabila 50 zilipochunguzwa, yalionekana mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Basi herufi iliyo ya kawaida kwa watu wa kwetu yaweza kudhaniwa kasoro, au kasoro ya kweli ikapitwa kwa kuwa haijulikani. Daktari asemaye na mzazi wa Kiafrika awe mwepesi wa kukiri pale elimu yake inapokoma.

Nimesema habari za ukubwani zingoje mpaka mwenyewe akue. Jenomu haibadiliki kwa kungoja, na maandishi yaweza kuhifadhiwa. Lakini miaka 18 ni mingi: daktari yule atakuwa amestaafu, wazazi pengine wamehama au wamefariki, na kijana mwenyewe hatakumbuka kwamba alipata kulazwa. Atakayemjia na kumwambia kwamba maandishi yake yapo, na kwamba ana hiari ya kuyafungua au kuyaacha, ni nani? Hospitali inayotaka kuisoma damu ya mtoto leo yapasa iwe na jibu la swali hilo kabla ya kuchovya sindano.