Taa Nyekundu, Bili ya Nani?

Taa za ishara kwenye reli zikipata hitilafu, mitambo imeundwa izibakishe nyekundu. Treni isimame, watu waishi. Hapo sina ubishi.

Lakini dakika 40 zile zile, behewa lile lile, hazina bei moja. Mwenye mshahara wa mwezi ataboeka, atamtext bosi, basi. Mtu wa kibarua kutoka Soweto East akifika Industrial Area geti limefungwa: siku imeenda, nauli nayo. Ndio maana wengi hufuata reli kwa miguu.

Mwaka 2008 reli iling'olewa hapa Kibera, mizigo ya Uganda ikakwama, na hasara ikatangazwa kote. Hasara ya kibarua nani huihesabu? Usalama ni wetu sote, sawa. Basi angalau arudishiwe nauli kabla hajashuka.