Paswedi

Nikiwa fildi, nilizunguka shule za sekondari nikizungumzia ukatili katika mapenzi ya vijana. Nilitegemea kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971: hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake. Binti wa kidato cha tatu akanyoosha mkono.

“Dada, sisi hatujaoana. Na hanipigi. Anataka tu paswedi ya simu yangu. Huo nao ni ukatili?”

Nikasema ndiyo, upesi mno. Yangu anayo mtu ninayempenda. Nilimpa mwenyewe, ili asininunie. Je, hiari inayotokana na kuogopa kununiwa ni hiari? Hilo sikumwambia binti yule. Jioni nikaibadilisha paswedi, kisha nikakaa nasubiri aniulize kwa nini.