Idhini ya Mgonjwa

Tukadirie kijana wa pwani asomaye utabibu katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoasisiwa 2007, amepelekwa hospitali ya shamba huko Kongwa. Nchi hiyo imejulikana kwa trakoma, maradhi ya macho yageuzayo kope ndani hata zikakwaruza mboni. Bibi wa Kigogo amwambia, "Mwanangu daktari, nipasue." Naye si daktari bado. Je, idhini hiyo yatosha? Naona haitoshi: bibi amempa daktari, hakumpa mwanafunzi. Na atibuye asijulikane kwa utabibu, Mtume (s.a.w.) amehukumu kuwa dhamana ya madhara ni juu yake. Basi na aseme, "Mimi mwanafunzi," ingawa vijana wetu huona haya. Huenda bibi akamkataa; jicho ni lake. Akiridhia, mwalimu asimame karibu na kisu.