Mashine ya Presha si Ramli

Presha ni nguvu ya damu inayosukuma kuta za mishipa. Moyo wenye mapigo ya mpangilio hutoa damu kwa kiasi kinachokaribiana kila unapopiga, hivyo namba za presha hazipishani sana ndani ya dakika chache. Mambo hubadilika pale vyumba vya juu vya moyo vinapotetemeka badala ya kujikunja sawasawa. Pigo linalokuja baada ya mwanya mrefu hutoka na damu nyingi, linalowahi hutoka na damu kidogo, na kila moja lina presha yake. Mashine ya nyumbani haisikilizi moyo. Husoma mitikisiko ndani ya mkanda unaofungwa mkononi wakati hewa inapotoka, kisha hupiga hesabu kutokana na mapigo machache iliyoyakuta. Mgonjwa mwenye moyo unaotetemeka hivi akipata 118 kisha 146 kwa namba ya juu, si lazima mashine iwe mbovu.

Basi presha yake ya kweli ni ipi? Mazoea humfanya mtu aamini kwamba ipo namba moja iliyojificha mwilini, na kwamba mashine nzuri ingeifichua. Kwa moyo huu namba hiyo haipo. Kilichopo ni wastani, na wastani unaweza kuwa namba ambayo hakuna pigo hata moja lililoitoa. Hata hivyo ndiyo inayomfaa daktari kuamulia dawa. Kwa sababu hiyo mgonjwa hushauriwa kupima walau mara tatu mfululizo, kwa kupisha dakika moja, na hospitalini inafaa presha ipimwe tena kwa mkono na kwa kusikiliza, njia iliyoelezwa na daktari Mrusi Korotkov mwaka 1905. Idadi ya mapigo inayoonyeshwa na mashine nayo si ya kutegemewa sana. Ni afadhali kushika mshipa wa kifundo cha mkono na kuhesabu dakika nzima.

Katika Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, suala la kupima presha halibaki la hesabu tu. Wapo waumini wanaoona kwamba anayejifunga mkanda asubuhi na jioni ameshaonyesha kutomtumaini Mungu. Wazo hilo si la Kagera peke yake. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, na presha ilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyosemwa yanapona. Wapo walioacha vidonge kwa kuamini kwamba kuendelea kumeza ni kukana uponyaji.

Hoja hiyo ni dhaifu, na ushahidi wa kwanza unaonekana kwa macho. Hospitali za Rubya na Kagondo wilayani Muleba ni za Kanisa Katoliki. Ya Ndolage ni ya Walutheri. Imani hiyohiyo inayodaiwa kukataa vipimo ndiyo iliyojenga maabara. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anaagiza daktari aheshimiwe kwa kuwa ameumbwa na Mungu, na katika sura hiyohiyo anamtaka mgonjwa asali. Mfalme Hezekia aliahidiwa kupona, na bado nabii Isaya akaagiza tini zibandikwe kwenye jipu. Waislamu nao wanaikumbuka hadithi ya Mtume na mwenye ngamia: amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Mwili ukiwa amana, anayeukagua anatimiza wajibu wa aliyekabidhiwa.

Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili, kwa anayepima, nayo haihubiriwi sana. Mpiga ramli akitoa jibu lisilopendeza, aliyemwendea huuliza tena au huenda kwa mwingine. Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio anaweza kuifanya mashine yake hivyohivyo, na kwa urahisi wa ajabu, maana kila akibonyeza hupewa jibu tofauti. Mwoga huchukua namba ya juu, akakesha, na hofu yenyewe ikaipandisha presha. Mzembe huchukua ya chini, akaiandika kwenye daftari la kliniki, akaruka vidonge. Wote wawili wamechagua wanachotaka kukiamini wakakiita kipimo. Hilo ni kosa la kimaadili kabla hata ya kuwa la kitabibu.

Dawa yake ni utaratibu unaomnyima mtu nafasi ya kuchagua. Presha hupimwa kwa saa zilizopangwa, asubuhi na jioni, kwa siku saba hivi kabla ya kliniki, na kila namba huandikwa, nzuri na mbaya. Mgonjwa hutulia dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu haikupishanishwa, mkono usawa wa moyo, bila mazungumzo. Katika Buhaya, nchi ya Wahaya wa Kagera, ambako mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, nusu saa ipite baada ya punje hizo, na vivyo hivyo baada ya kupanda kilima kutoka misa au ibada. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85 au kuzidi, daktari aelezwe. Nje ya saa hizo mkanda ubaki kabatini, isipokuwa daktari ameagiza vinginevyo.

Namba nzuri zina mpaka wake pia. Vyumba vinavyotetemeka huacha damu ikituama na kuganda, ndiyo maana mapigo yasiyo na mpangilio ya namna hii huongeza hatari ya kiharusi takriban mara tano hata presha ikiwa tulivu. Kinga yake ni dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo mashine haiwezi kusema kama inahitajika. Wapo wanaodhani aliyepooza ghafla amerogwa, wakapoteza saa za thamani wakimtafuta mchawi. Mdomo ukipinda, mkono mmoja ukilegea au maneno yakigoma kutoka, mgonjwa asipimwe tena nyumbani wala asisubiri mkesha wa maombi uishe: apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na wanaomsindikiza wamwombee njiani.